Kusoma Shahada ya Famasi Tanzania: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya humiminika mwezi Julai, NECTA ikishatangaza matokeo ya kidato cha sita. Kwa wengi wanaouliza, wakati huo mambo makubwa yameshaamuliwa: tahasusi ilishachaguliwa, mtihani umeshafanywa, alama ya Kemia imeshaandikwa. Kwa hiyo ukiwa bado kidato cha tatu, au una mtoto aliye kidato cha tatu, ukurasa huu unakuhusu kuliko unavyodhani.

Majibu yamefuata miongozo ya karibuni ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Mwongozo hutolewa upya kila mwaka, na wa mwaka unaoomba ndio unaotawala.

Nimemaliza kidato cha sita. Natakiwa niwe na nini?

Prinsipo tatu (prinsipo ni ufaulu wa A hadi E), za Kemia, Biolojia na Fizikia, zenye jumla isiyopungua pointi 6. Ndani ya pointi hizo Kemia iwe angalau C, Biolojia angalau D, na Fizikia angalau E. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, kwa hiyo C, D na E kwa mpangilio huo zinakupa sita kamili, bila hata nusu ya ziada. Kwa mizani ya NECTA, C ya kidato cha sita inaanzia maksi 60, D inaanzia 50 na E inaanzia 40. Kuanzia 35 hadi 39 ni S, na S si prinsipo.

Wengi hupotoshwa na sharti la jumla la kuingia chuo kikuu, ambalo ni prinsipo mbili zenye pointi 4. Hilo ni la vyuo vikuu kwa ujumla. Programu za afya zina masharti yake, na yanapotofautiana na lile la jumla, yanayohesabika ni ya programu.

Waliomaliza 2014 na 2015 walipimwa kwa mpangilio mwingine uliokuwa na B+, na pointi zao huhesabiwa tofauti. Mwongozo wa TCU umeeleza hesabu yao peke yake. Kama ni wewe, usitumie jedwali la mdogo wako.

Mbona Kemia inadaiwa C wakati hata udaktari unakubali D?

Ni kweli. Kwa udaktari wa binadamu sharti la chini limekuwa D tatu, nazo pia ni pointi 6. Famasi inakusamehe kwenye Fizikia na kukubana kwenye Kemia. Sababu utaiona mwaka wa kwanza tu: dawa ni kemikali kabla haijawa tiba. Utajifunza kwa nini badiliko dogo kwenye molekuli linaifanya dawa ikae mwilini saa 24 badala ya 6, kwa nini kidonge kimoja huharibika kwenye unyevu wa Tanga na kingine hakijali, kwa nini sindano hii haichanganywi na maji yale. Aliyeingia na Kemia ya kukariri maswali ya miaka iliyopita hupata tabu hapo, hata kama alama zake zilikuwa nzuri.

Nina pointi 6 zile zile za chini. Nitapata nafasi?

Unaruhusiwa kuomba. Kupata ni habari nyingine.

Sharti la chini linasema nani asiguswe kabisa. Halisemi nani atachukuliwa. Nafasi za famasi ni chache, na mfumo wa chuo unapanga waombaji kuanzia aliye juu. Muhimbili hujazwa na watu wenye alama za juu sana, na wengi wao waliweka udaktari chaguo la kwanza na famasi la pili. Mwenye pointi 6 akiomba Muhimbili peke yake anajisumbua. Akiomba pia vyuo binafsi vyenye programu hiyo, ana nafasi ya kweli, ila lazima familia ikae chini na kuzungumzia ada kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma.

Nilisoma CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia). Biolojia na Kemia ninazo, nimefaulu vizuri. Inakuwaje?

Hili ndilo swali linaloumiza kulijibu. Kwa njia ya moja kwa moja, hapana. CBG haina Fizikia, na mwongozo unataka prinsipo ya Fizikia. Unaweza kuwa na A ya Kemia na A ya Biolojia, mfumo ukakukataa, na mwenzako wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) mwenye C, D na E akapokelewa. Naona mantiki ya kudai Fizikia, maana kuna mitambo, miale, mtiririko wa vimiminika na shinikizo, lakini siwezi kumtazama machoni mwanafunzi wa A mbili nikamwambia sharti hilo linamtendea haki.

Njia zilizobaki ni mbili. Ya kwanza, kufanya Fizikia ya kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Inawezekana, ila ina vitendo, na ukikosa maabara ya kufanyia mazoezi utaingia kwenye mtihani wa vitendo kama mgeni. Ya pili, kuanzia stashahada ya sayansi ya dawa halafu kupanda, ambako Fizikia inayoangaliwa ni ya kidato cha nne. Inachukua muda mrefu zaidi, lakini ukiimaliza una taaluma mkononi.

Kama hujachagua tahasusi bado na unafikiria afya ya aina yoyote, chagua PCB. Aliyesoma PCB anaweza kuhamia fani nyingi za sayansi. Wa CBG akitaka kurudi famasi anakuta mlango umefungwa.

Hesabu je? Nina BAM tu.

BAM, ile hisabati ya wasiosoma hisabati ya tahasusi, inatosha kwa sharti la kidato cha sita, hakuna anayekudai hisabati ya tahasusi. Lakini usidhani umeachana na namba. Famasi ni kazi ya namba ndogo ndogo zisizosamehe.

Chukua zoezi la darasani. Mtoto wa kilo 12 ameandikiwa amoksisilini, miligramu 40 kwa kilo kwa siku, igawanywe mara mbili. Siku nzima ni miligramu 480, kila dozi ni 240. Hadi hapo hata wa darasa la saba anaweza. Sasa geuka kwenye rafu. Kuna chupa yenye miligramu 125 katika kila mililita 5, na kuna nyingine yenye 250 katika mililita 5 hizo hizo, na maboksi yanafanana kiasi cha kukera. Ukichukua ya 250, mtoto anapewa mililita 4.8, kwa lugha ya mama ni mililita 5, na chupa moja ya mililita 100 inamaliza siku saba. Ukichukua ya 125, dozi inakuwa mililita 9.6 na chupa moja haitoshi. Ukichukua ya 250 ukaandika maelekezo ya 125, mtoto amepewa mara mbili. Ukifanya kinyume, amepata nusu ya dawa, homa haitashuka, na mama atarudi akisema dawa yenu feki. Halafu kuna kijiko cha chai cha nyumbani, ambacho kila nyumba kina ukubwa wake. Ndiyo maana unampa kikombe chenye alama na kumwonyesha mstari kwa kidole.

Mfano wa pili ni wa wodini: kutengeneza klorini ya asilimia 0.5 kutoka JIK ya asilimia 3.5. Gawanya 3.5 kwa 0.5, upate 7, toa 1. Sehemu moja ya JIK, sehemu sita za maji. Nimeshuhudia watu wenye shahada wakikwama kwenye ile "toa 1".

Nina stashahada ya famasi. Naingiaje?

TCU hutoa vitabu viwili vya mwongozo, kimoja cha wenye kidato cha sita na kingine cha wenye stashahada na sifa linganifu. Chako ni hicho cha pili. Kwa shahada ya famasi kinachotakiwa ni stashahada ya sayansi ya dawa yenye wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, pamoja na angalau D katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza vya kidato cha nne.

Sehemu ya mwisho ndiyo inayoangusha watu. Mtu ana GPA ya 4, anafanya kazi hospitali ya wilaya, wenzake wanamwita daktari wa dawa, na ana F ya Hisabati ya kidato cha nne tangu zamani. Dawa yake ni kurudia somo hilo kama mtahiniwa wa kujitegemea. Aibu ya kukaa chumba kimoja cha mtihani na watoto huisha siku ya kwanza.

Utahitaji pia namba ya uhakiki wa tuzo, maarufu kama AVN, kutoka NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi. Iombe mapema. Chuo ambacho hakijawasilisha matokeo yako huko kinaweza kukuchelewesha, na dirisha la maombi halitakungoja.

Ushindani upo huku nako. Nafasi za wenye stashahada ni chache kuliko za kidato cha sita, kwa hiyo 3.0 ichukulie kama pointi 6 za hapo juu.

Nimeishia kidato cha nne. Niko mbali?

Uko mbali kwa miaka, si kwa uwezo. Stashahada ya sayansi ya dawa huchukua miaka mitatu, ngazi ya NTA (tuzo za elimu ya ufundi) 4 hadi 6, na unaingia ukiwa na ufaulu wa angalau D katika masomo manne yasiyo ya dini, Kemia na Biolojia vikiwemo. Ukimaliza na kusajiliwa unakuwa fundi dawa sanifu, ambaye siku hizi kwenye matangazo ya ajira huitwa mteknolojia wa dawa. Ni taaluma kamili. Vituo vingi vya afya nchini havina mfamasia. Vinaendeshwa na hawa.

Kabla ya kulipa hata shilingi, hakikisha chuo kimesajiliwa NACTVET na kozi yenyewe inatambuliwa na Baraza la Famasi. Vyuo vya afya vimeota kila kona, na si kila chenye bango barabarani kina kibali cha kudahili.

Ni vyuo vikuu gani vinavyofundisha?

Kikongwe ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS), Dar es Salaam, cha umma. Vya binafsi vinavyojulikana ni pamoja na CUHAS Bugando pale Mwanza, St. John's Dodoma, na Kampala International University in Tanzania, kilichopo Gongo la Mboto. Orodha huongezeka, na programu inaweza kusimamishwa udahili mwaka wowote, kwa hiyo mwongozo wa mwaka husika ndio wa kuaminiwa.

Ada ya chuo cha umma iko chini sana ukilinganisha na vyuo binafsi. Mzazi asipige hesabu ya ada peke yake. Kuna koti la maabara, vitabu, malazi, na nauli na chakula wakati wa mafunzo ya vitendo, ambayo mara nyingine yanampeleka mtoto mkoa ambao hamna ndugu.

Naomba wapi, na lini?

Chuoni moja kwa moja, kupitia mfumo wa mtandaoni wa chuo chenyewe. Ule utaratibu wa zamani wa kuomba sehemu moja kupitia TCU ulikoma 2017. Unaweza kuomba vyuo kadhaa kwa wakati mmoja. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja, unatumiwa namba ya siri kwa ujumbe mfupi wa simu na unathibitisha chuo kimoja. Usipothibitisha ndani ya muda, nafasi inaweza kwenda kwa mwingine.

Dirisha la kwanza hufunguliwa baada ya matokeo ya kidato cha sita kutoka. Wakati huo huo vijana wengi wako kambini JKT, simu zimewekwa kando. Nafasi nyingi hupotea hapa, na si kwa sababu ya alama. Mzazi au kaka anamwombea kijana, anaandika namba ya simu ya rafiki wa stationery kwa sababu ndiye anayejaza fomu, na ile namba ya siri inaingia kwa mtu ambaye hata hakumbuki alimjazia nani. Andika namba inayokaa nyumbani, yenye chaji. Kijana akiwa kambini, mkubaliane kabla hajaondoka: machaguo ni haya, mpangilio ni huu, mwenye mamlaka ya kuthibitisha ni fulani.

Kama kuna mtu anakuambia ana "njia" ya kukupatia nafasi kwa pesa, mfumo hauna njia hiyo. Fedha yako itakwenda na simu yake itazimwa.

Mkopo wa Bodi naweza kupata?

Programu za afya zimekuwa katika makundi ya kipaumbele ya Bodi ya Mikopo (HESLB), lakini mkopo hutolewa kwa uhitaji, na kozi peke yake haikuhakikishii asilimia mia. Unaomba kupitia mfumo wa OLAMS, na umri usizidi miaka 35. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, na vyeti vya vifo vya wazazi kama yupo aliyefariki.

Shida inayojirudia ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi, cha kidato cha nne kinasema Hamisa, na kitambulisho cha mzazi kina jina la tatu. Rekebisha kabla ya dirisha la mkopo, kwa kiapo cha kisheria au kwa kurekebisha cheti chenyewe.

Ukianza kazi, makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Waliofaulu kwa kiwango cha juu sana katika sayansi watazame pia Samia Scholarship, ambayo si mkopo.

Miaka minne inasomwa nini hasa?

Mwaka wa kwanza ni mwili na kemia: anatomia, fiziolojia, biokemia, kemia ogania, mikrobiolojia. Unakaa na wanafunzi wa fani nyingine za afya katika baadhi ya masomo, na kila mtu anajiona daktari.

Kisha famasi yenyewe inaanza. Kuna famasutiki, inayofundisha jinsi ya kuigeuza kemikali kuwa kidonge, mafuta, dawa ya maji au sindano. Kuna famakolojia, dawa inaufanya nini mwili na mwili unaifanya nini dawa. Kuna kemia ya dawa na uchambuzi wake. Katika maabara ya uchambuzi kuna jaribio ambalo hakuna aliyehitimu akalisahau: kidonge kinatumbukizwa kwenye chombo chenye mililita 900 za kimiminika kilichopashwa hadi nyuzi joto 37, sawa na mwili, kasia linazunguka polepole mara 50 kwa dakika, na wewe unachota sampuli kwa saa ukipima dawa kiasi gani imetoka. Kidonge kinaweza kuwa na miligramu zote zilizoandikwa kwenye boksi na bado kikashindwa, kwa sababu hakiachii dawa. Mgonjwa angekimeza na kukitoa kama alivyokimeza.

Famakognosia, somo la dawa zitokanazo na mimea na viumbe wengine, wengi hulidharau hadi waambiwe kwamba vinkristini, dawa ya saratani, asili yake ni ua la vinka lililopandwa mbele ya nyumba nyingi za Pwani, au kwamba artemisia iliyolimwa Kaskazini mwa nchi ndiyo chanzo cha artemisinini iliyo nyuma ya dawa mseto ya malaria. Usiende kuchemsha vinka. Mmea huo ni sumu, na kati ya ua na sindano kuna kazi kubwa ya maabara.

Mwaka wa nne unakuingiza wodini na ofisini: famasia ya kitabibu, sheria na maadili, usimamizi wa ugavi wa dawa, utafiti wako mwenyewe. Wodini ndipo masomo yote yanapokutana kitanda kimoja. Mgonjwa anatumia dolutegraviri kwa VVU, kisha anagundulika ana kifua kikuu na kuanzishiwa dawa zenye rifampisini. Rifampisini inaliamsha ini livunje dolutegraviri haraka. Ukinyamaza, virusi vinarudi. Kwa hiyo miligramu 50 alizokuwa anameza mara moja kwa siku zinakuwa mara mbili kwa siku muda wote wa rifampisini. Mtu wa kukumbusha hilo kwenye mzunguko wa asubuhi, mbele ya madaktari waliokuzidi umri, ni wewe.

Masomo yote ni kwa Kiingereza. Maelezo kwa mgonjwa ni kwa Kiswahili, na hakuna anayekufundisha tafsiri hiyo vya kutosha.

Nilitaka udaktari, nimepata famasi. Nikubali kisha nihame?

Kuhama kutoka famasi kwenda udaktari ni kugumu, na vyuo havilazimiki kukuruhusu. Wapo wanaorudia maombi mwaka unaofuata wakaanza upya. Lakini kuna kundi kubwa linalokaa miaka miwili likisubiri kuhama, likisoma nusunusu, halafu linarudia mitihani ya famakolojia. Kama unajua huipendi kazi ya dawa, bora usubiri mwaka mmoja nyumbani. Kama hujui, ingia na usome kama mtu aliyeitaka. Wafamasia wengi wazuri walianza hivyo hivyo.

Nikihitimu ndiyo nimekuwa mfamasia?

Bado. Unakwenda mwaka mmoja wa utarajali kwenye vituo vilivyokubaliwa, chini ya usimamizi. Baada yake ndipo Baraza la Famasi, lililo chini ya Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, linakusajili likiridhika na uwezo wako. Usajili huhuishwa, na utatakiwa kuonyesha mafunzo endelevu ya kitaaluma.

Watu huchanganya Baraza na TMDA. Kwa kifupi, Baraza linasimamia watu na mahali pa kutolea dawa. TMDA, iliyokuwa TFDA hadi 2019, inasimamia dawa na vifaa tiba vyenyewe.

Ajira ipo?

Ipo, ila si ile ya kukusubiri mlangoni kama zamani. Serikalini kuna hospitali na halmashauri, Bohari ya Dawa (MSD) iliyoanzishwa 1993, na TMDA. Nje ya serikali kuna viwanda kama Shelys Dar es Salaam na Kairuki Pharmaceuticals kule Zegereni, Kibaha. Kuna waagizaji, taasisi za utafiti kama Ifakara, na miradi ya VVU na malaria. Kati ya kumaliza utarajali na kupata ajira ya kudumu kunaweza kuwa na kipindi kirefu cha kushika zamu kwenye famasi za watu. Jiandae kwa hilo kifedha na kiakili.

Viwanda ndivyo ninavyowasukumia vijana, kwa sababu sehemu kubwa ya dawa tunazotumia inatoka nje na wataalamu wa uzalishaji ni wachache. Moshi kuna Kilimanjaro School of Pharmacy, ambayo pia imekuwa ikitoa mafunzo ya juu ya uzalishaji bora wa dawa.

Naweza kufungua famasi yangu?

Ndiyo, ukiwa na mtaji, jengo linalokidhi vipimo na kibali cha Baraza. Mmiliki si lazima awe mfamasia, lakini famasi lazima iwe na mfamasia msimamizi. Duka la dawa muhimu ni kitu kingine: mfumo ulioanzia Ruvuma 2003 kupeleka dawa za msingi kule ambako famasi hazifiki, na linahudumiwa na mtoa dawa aliyepata mafunzo maalumu.

Kutokana na sharti la msimamizi umezuka mchezo ambao utakufuata siku ya kwanza ukipata usajili: kukodisha cheti. Mwenye duka anakupigia, anakuahidi hela ya kila mwezi, cheti chako kinatundikwa ukutani Mbagala na wewe uko Dodoma. Dozi ya mtoto ikikosewa pale, au dawa za kulevya za hospitali zikitoka mlango wa nyuma, jina kwenye karatasi ni lako na Baraza litakuita wewe. Najua mshahara wa mwanzo ni mdogo na hela ile inavutia. Wanaoukataa mchezo huu ni wachache kuliko inavyopaswa.

Nikasome Kenya, Uganda au India?

Kenya shahada ya famasi ni miaka mitano, ikifuatiwa na mwaka wa utarajali, chini ya Bodi ya Famasi na Sumu. Nairobi, Kenyatta na JKUAT wanaifundisha. Huko kigezo ni KCSE, mtihani wao wa mwisho wa sekondari, kwa hiyo cheti chako cha NECTA kitahitaji kulinganishwa. Uganda ipo Makerere na Mbarara. India ina shahada ya miaka minne na pia Pharm.D ya miaka sita. Ukitajiwa bei, hakikisha ni ya ile unayoiomba.

Kabla ya kuondoka, pata cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka TCU, na uliza Baraza la Famasi kwa maandishi kama chuo na shahada hiyo vitakubalika ukirudi. Mawakala wa vyuo vya nje hawatakuuliza kama una C ya Kemia. Baraza litakuuliza.

Natokea Zanzibar, kuna tofauti?

Sifa za kuingia chuo ni zile zile, maana TCU ni ya Muungano. Mkopo unaweza kuomba kwenye Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar. Dawa visiwani zinasimamiwa na wakala wake, ZFDA, na taratibu za kufanya kazi huko uzifuate huko.

Nafanya kazi. Naweza kusoma jioni au kwa masafa?

Hapana. Maabara na wodi havisomwi kwa simu. Ukiona tangazo la shahada ya famasi ya mtandaoni, lipite.

Nimekosa madirisha yote mwaka huu. Nikae tu?

Kwanza jua ulikosa kwa sababu gani, maana kukosa sifa na kushindwa na ushindani vina dawa tofauti. Kama Kemia ilikuwa D au E, jisajili NECTA kama mtahiniwa wa kujitegemea na tafuta kituo chenye maabara inayofanya kazi kweli. Nenda ukaione, washa bomba, uliza kemikali zipo. Kama sifa ulikuwa nazo, panga upya machaguo, na mwaka ujao usianze na kumalizia chuo kimoja. Katikati ya hapo, tafuta famasi au zahanati ya mtaani ikukubali uwe unapanga rafu na kuhesabu akiba. Hutaruhusiwa kutoa dawa, na usikubali ukiambiwa utoe. Utajua tu, kabla hujalipa ada, kama unaweza kukaa na kazi hii siku nzima.